Maalim na Habari za Mafuta

Kibanda cha chipsi kilicho karibu na kituo chetu cha metro, hapa Anderlecht, kimebadilisha wenyewe mara tatu tangu nihamie mtaa huu. Kila mwenyewe mpya, siku ya kwanza ya kazi, alimkuta Maalim amesimama dirishani, kofia kichwani, anauliza kabla ya kuagiza chochote: mnakaangia mafuta gani? Hapa Brussels chipsi hukaangwa kwa mafuta ya mimea au kwa shahamu ya ng'ombe, na huyo ng'ombe huwezi kujua alichinjwaje. Sisi wengine tunauliza, tunajibiwa "végétale", ya mimea, tunakula na kumwachia Mungu. Maalim alitaka kuliona kopo. Akiliona, alitoa kioo chake cha kukuzia kwenye mfuko wa koti akasoma maandishi yote, ya Kifaransa na ya Kiholanzi, ingawa Kiholanzi hakukijua. Halafu ndipo likaja swali la pili, ambalo hakuna muuzaji aliyelitarajia: na yakishachoka, mnayapeleka wapi?

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye habari za dizeli ya mimea. Hakutumwa na mtu wala hakuwa mwanaharakati wa hali ya hewa. Alianza na halali na haramu ya chipsi, akayafuata mafuta yaliyochoka mpaka kwenye pipa, akalifuata pipa mpaka kwenye lori, akalifuata lori mpaka kwenye ghala moja nje kidogo ya mji, ambako aliambiwa kwamba mafuta yale yanasafishwa na kugeuzwa kuwa mafuta ya magari. Alirudi kutoka huko amefurahi kama mtoto. Aligonga mlango wangu kunieleza, na mimi nilikuwa napika, wali ukaungua.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo sitayasema, na yeye mwenyewe angenikataza. Nilimjua kama jirani wa ghorofa ya juu yangu kwa miaka kumi na moja. Alikuwa fundi wa pampu za dizeli kwenye gereji ya mabasi mpaka alipostaafu, na Jumamosi asubuhi alisomesha watoto Kurani kwenye chumba cha chini cha jengo letu. Wote tulimwita Maalim. Hata Wakongo wa ghorofa ya kwanza, Wakristo watupu, walimwita Papa Maalim, wakimletea pondu, kisamvu chao, siku za sikukuu zao na yeye akiwauliza mmepikia mafuta gani.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nasafisha nyumba za wazee huko Ganshoren, na mdomo wangu hauna breki, kila anayenijua atakuambia. Nayaandika haya kwa sababu nina deni la shukrani ambalo sijui pa kulipeleka. Mdogo wangu aliye Bujumbura ana macho yake mawili leo, na mashine yake ya kusaga mahindi ingali nzima, kwa ajili ya mzee huyu. Nitafika huko.

Kwanza mjue jinsi alivyopokea habari. Watoto wa madrasa aliwafundisha kwamba zamani, mtu akileta neno, hakuulizwa neno lenyewe kwanza. Aliulizwa kalipokea kwa nani, na huyo kwa nani, na huyo wa mwisho je, alikuwepo au na yeye alisikia? Mnyororo wa wapokezi ndio unaobeba neno, na ukikatika kiungo kimoja, neno linaanguka. Maalimu wengi wanayafundisha hayo. Wetu aliyatoa chumbani akayapeleka kwenye injini. Ukimwambia, Maalim, nimesikia kuna mafuta mapya ya gari yanatengenezwa kwa taka za jikoni, hakusema ndiyo wala siyo. Alisema: nani kasema? Naye kapokea wapi? Aliona, au alisikia? Ukijibu "nimeona kwenye simu", alikukaribisha chai na kuanza kuzungumzia mvua.

Jamani, alikuwa anachosha. Nisimpambe mtu nikamfanya malaika. Kuna siku nilimgongea mlango na kumwambia jengo linanuka gesi, na yeye akaniuliza nimeinusa mwenyewe au nimeambiwa. Nilimjibu vibaya. Alihubiri subira mwaka mzima lakini lifti ikichelewa dakika moja alipanda ngazi akilalamika, na magoti yake mabovu. Alichukia umbea, lakini hakuna ndoa iliyovunjika kati ya hapa na Etterbeek asiyoijua. Ukimkumbusha, alisema habari za watu hazihitaji mnyororo kwa sababu haziharibu mashine. Maisha yake yote alitengeneza magari ya watu na hakuwahi kumiliki lake. Sukari aliipima kwenye kikombe chako kwa ncha ya kijiko. Muda wake alikupa wote, hata ule usiouhitaji.

Lakini ukitaka kujua jambo, ukweli wake, ulikwenda kwake. Na hakukupa jibu mara moja. Alikufundisha kulitafuta, na hapo ndipo watu wengi walipokimbia. Mimi alinipeleka kituo cha mafuta, mimi nisiye na gari, akanisimamisha mbele ya pampu ya dizeli kwenye baridi, akanionyesha kibandiko kidogo cha mraba chenye herufi B na namba saba. Akaniuliza nimepita hapa mara ngapi. Nikasema kila siku. Akasema kibandiko hicho kinamwambia kila mtu kwamba ndani ya dizeli hii kunaweza kuwa na dizeli ya mimea, mpaka sehemu saba katika mia, na watu wa jengo letu wanabishana miezi kama dizeli ya mimea inaua gari, na wote wanaoendesha dizeli wanaitia kila wiki. Akacheka peke yake mpaka mhudumu akatuangalia.

Alikuwa na maneno yake. Alisema kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, kwa hiyo usisome ngoma moja. Anayeuza dizeli ya mimea atakusifia moshi wake na kukaa kimya juu ya baridi inayoigandisha. Anayeuza mafuta ya ardhini atakutisha na hiyo baridi na kukaa kimya juu ya moshi. Wasome wote wawili, alisema, na pale maadui wanapokubaliana, hapo weka mguu. Na alisema mtu asiyekutajia ubaya wa kitu chake usimpokelee uzuri wake. Aliweka makaratasi yake yote kwenye sanduku la viatu, na juu ya kila karatasi aliandika kwa kalamu ya risasi nani kaiandika na anakula wapi. Maana yake ni nani anamlipa mshahara.

Siku moja alikuja kwenye kile chumba cha chini kijana wa kwetu, suti nzuri, anauza kidude cha sumaku cha kufunga kwenye bomba la mafuta. Alisema kinapunguza matumizi kwa nusu. Watu walikuwa wamekwisha kutoa pochi. Maalim alikigeuza kidude mkononi, akamwuliza kwa upole kama gari la baba yake limefungwa kimoja. Kijana akasema baba hana gari, ana teksi tu. Chumba kizima kilicheka na kijana akaondoka na begi lake. Maalim alimfuata mpaka ngazini akampa chakula cha njiani, maana alisema mtoto hana kosa, kauziwa naye.

Basi nifike kwa mdogo wangu.

Mafuta yalipoadimika Bujumbura, mashine yake ya kusaga ilisimama. Ni mashine ya dizeli, ya zamani, aliachiwa na baba, na familia yote inakula kwenye mdomo wake: yeye, mkewe, watoto wanne na shangazi yetu. Foleni za mafuta zilikuwa za siku nzima na mtu anarudi na dumu tupu. Ndipo ikanifikia sauti kwenye simu, ya Haji mmoja wa Ganshoren, mtu mzima anayeheshimiwa na Waislamu wote wa kwetu Brussels. Alianza kwa salamu kamili na dua, kisha akaeleza taratibu: chukua mawese, chukua alkoholi ile kali ya kiwandani, chukua magadi makali ya kupikia sabuni, changanya kwenye sufuria kubwa, funika, pika kwenye makaa mahali pasipo na upepo, ukishapoza na kuchuja umepata dizeli. Alimaliza kwa kusema atakayemfikishia mwenzake ana thawabu.

Nilimfikishia mdogo wangu kabla sijavua viatu. Nani angemwuliza Haji umewahi kuendesha mashine kwa mafuta haya? Kwetu, kumwuliza mtu mzima hivyo ni kumwita mwongo. Ni siku ya pili, tukinywa chai, ndipo nilipomsikilizisha Maalim ile sauti kwa furaha, nikitegemea sifa. Aliisikiliza mara mbili. Akaniuliza mdogo wangu ameshaanza? Nikasema anatafuta alkoholi, atapika Jumapili baada ya adhuhuri. Ilikuwa Alhamisi. Maalim alivaa koti.

Tulikwenda kwa inginia. Huyo ni mama wa Lubumbashi aliyefanya kazi kwenye lile ghala la mafuta yaliyochoka, kazi yake kuyapima; Maalim alimjua tangu ile siku alipofuata lori. Alikwisha kumwuliza yote: kasoma wapi, anapima kwa mikono yake au anasoma ripoti, na kama kuna siku aliwahi kukosea. Mama yule alimjibu kwamba ndiyo, aliwahi, akamweleza alivyokosea, na tangu hapo Maalim alimwamini kabisa. Alitupokea getini amevaa buti. Alisikiliza sauti ya Haji, akaishika simu yangu kama inamchoma.

"Papa Maalim, sabuni haina shida, hata mama yangu alikuwa anaipika," alisema. "Shida ni ile méthanol. Vapeur yake hauione. Inatembea chini chini mpaka ku makala. Na ikishika, moto yake mu mwangaza wa muchana hauione pia. Muntu anaungua, na benye kusimama pembeni banajiuliza anaruka nini."

Yaani mvuke wa ile alkoholi ya Haji hauonekani, unatambaa chini mpaka kwenye makaa. Akaongeza kwamba hata pasipo moto, alkoholi hiyo inapofusha, ukiivuta au ikikuingia mwilini. Na hata ikitoka salama, mafuta ya sufuria yasiyopimwa yanaacha utomvu kwenye pampu na mashine itakufa baada ya mwezi. Alituambia pia asichokijua: mashine ya mdogo wangu hajaiona. Maalim akaniambia niombe picha ya kile kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni. Mdogo wangu akatuma picha yake mwenyewe kasimama na mashine, anatabasamu, na kibao kimejaa unga. Tukaomba tena. Kwa kile kibao Maalim alipata kitabu cha mashine hiyo kwenye maktaba ya chuo kimoja, Etterbeek, siku ya Ijumaa, na ukurasa wa mafuta ulisema yale yale aliyosema inginia kuhusu pampu. Wawili wasiojuana wamekubaliana.

Nikampigia mdogo wangu nikiwa na yote hayo mkononi. Hakunisikiliza. Alisema watoto wamelala na uji wa maji siku ya tatu. Alisema mimi niko Ulaya nimeshiba, ni rahisi kwangu kumwambia mtu asubiri. Nikamtajia hatari, akanijibu mwenye njaa hana miiko. Halafu akasema: Haji ni mtu wa dini, ana heshima, hawezi kusema uongo, na huyo Maalim wako mimi simjui. Haji mwenyewe akisema niache, nitaacha.

Jumamosi baada ya darasa tukapanda tramu mpaka Ganshoren. Haji alitupokea vizuri, tukala. Maalim akamwuliza kwa adabu zote habari ile kaipokea kwa nani. Haji akabadilika uso kidogo. Alisema alkoholi aliisoma mwenyewe kwenye simu, lakini upishi wenyewe alielezwa na mwanamke mmoja mpishi wa harusi, mkazi wa Etterbeek, mtu mkweli, na yeye hawezi kutoka hadharani kumfanya mwanamke wa watu mwongo. Mpishi akiurudisha ulimi wake, na yeye ataurudisha wake. Sikuamini masikio yangu. Nilitaka kusema nilivyozoea kusema, Maalim akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jumapili asubuhi tulikuwa Etterbeek, kwa yule mpishi. Nilimjua kwa pilau, nani asiyemjua. Maalim hakukaa hata kitini, akauliza lile swali. Mpishi akamwangalia, akacheka, kisha akaona kwamba Maalim hacheki.

"Maalim, si wewe mwenyewe?" alisema. "Kwenye harusi ile ya Anderlecht, ulikuwa unatusimulia rafiki yako wa gereji aliyeendesha gari kwa mafuta ya chipsi. Nikakuuliza yanatengenezwaje. Ukasema, unapika tu, kama sabuni. Mimi sabuni naijua tangu usichana. Nikamweleza Haji inavyopikwa sabuni."

Maalim alikaa. Aliomba maji, akayashika asiyanywe. Nami nikakumbuka harusi ile, nilikuwepo, na nilicheka kama wengine, maana alikuwa msimulizi mzuri akishiba. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Maalim alisikia kwa rafiki. Mpishi alielewa kwa sufuria anayoijua. Haji akaongeza alichosoma. Na mimi nikaipeleka Bujumbura na viatu vyangu miguuni.

Mpishi alianza kumtetea, akasema ni maneno ya harusi tu, nani angejua. Maalim akasema mdomo uliponza kichwa, na mara hii kichwa ni cha mtoto wa watu. Akaniuliza saa. Ilikuwa inakaribia saa sita. Akasema nipige simu sasa hivi.

Simu haikupita. Nilipiga mara saba, labda nane, tumesimama kwenye korido ya nyumba ya mpishi ambako mtandao ni mzuri zaidi, na mpishi anasoma dua nyuma yetu. Mara mbili nilikosea namba nikaanza upya. Ilipopita, mdogo wangu aliitika haraka haraka, akasema makaa yameshika, nimpigie baadaye. Nilisikia watoto wanacheza. Maalim alininyang'anya simu. Hakujitambulisha kwa cheo, hakutaja Mtume wala adhabu.

"Mwanangu, haya maneno yalianzia kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema unapika kama sabuni. Sikuona. Nilisikia kwa mtu, nikasimulia kama niliyeona, kwa sababu watu walikuwa wanacheka na nilipenda wacheke. Nimekosa. Zima makaa."

Mdogo wangu akamwambia mkewe awatoe watoto uani. Tukasikia maji yanamwagwa na makaa yanalia. Nililia pale kwenye korido kwa sauti, sikuona haya.

Nimelifikiria sana kwa nini mdogo wangu alisikia siku ile. Mimi nilimpelekea inginia, kitabu, kibao cha chuma, na vyote alivitupa. Baadaye nilimwuliza, akaniambia: dada, watu wote wanaonipa habari wanataka niwaone wana akili. Yule mzee alijiaibisha. Mtu hajiaibishi bure.

Sitasema mambo yalikuwa mazuri baada ya hapo. Mashine ilisimama wiki tano zaidi. Wateja walikwenda kwingine na wengine hawajarudi. Shangazi alitwanga kwa mkono, na mimi nilichukua nyumba mbili zaidi za kusafisha, nikawa natuma nilichopata. Dizeli ilipopatikana mdogo wangu alipata dumu moja, akaanza upya na dumu hilo.

Na Maalim alianza kazi ambayo hakuna aliyempa. Alirudi njia yote ile ya maneno yake, mtu kwa mtu, kwa miguu na kwa tramu, akiwaambia yale aliyomwambia mdogo wangu. Alisimama Ijumaa baada ya sala akasema mbele ya wanaume. Alimwomba mpishi amsaidie kwa wanawake. Alirekodi sauti yake, akaanza kwa jina la Mungu kama Haji, kisha akasema kosa lake tangu sentensi ya kwanza na kueleza ile alkoholi inavyoua. Haji naye akaituma kwa wote aliowatumia ile ya mwanzo, na nampa heshima yake kwa hilo. Wapo waliomcheka Maalim. Kuna baba mmoja alimtoa mtoto wake darasani, akisema maalim gani huyu anayejitangaza mwongo. Maalim alimsalimia baba huyo kila siku kwenye lifti kama kawaida.

Nilimwambia siku moja kwamba amejidhalilisha mno, ingetosha kumwokoa mdogo wangu na kunyamaza. Akaniuliza najua sauti ile imefika kwa wangapi. Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui, ndiyo maana anatembea.

Namshukuru. Nasema wazi, kwa sababu yeye ukimshukuru alibadilisha mazungumzo. Alinifundisha, mimi mwenye mdomo huu, kusimama kwenye mlango wa neno kabla ya kulifungulia. Sifaulu kila siku.

Mwaka jana alianguka ngazini, na binti yake akamchukua akakae naye Ganshoren. Jumatano nikimaliza kazi nampitia. Binti yake alinidokeza kwamba mzee ameanza kusahau, mimi nikasema nani asiyesahau.

Sasa kule Bujumbura ametokea mtu anayeuza mafuta ya mbono, ile miti inayooteshwa uzio, akisema unayamimina moja kwa moja kwenye tangi na mashine inakwenda. Mafuta yameadimika tena. Safari hii mdogo wangu hakununua. Alinipigia: dada, kamwulize Maalim.

Nikaenda Jumatano iliyopita. Maalim alifurahi kuulizwa, alikaa wima, sauti yake ikawa ile ya zamani. Alisema mafuta ya mbono ni mazito, yanataka kupashwa joto, lakini mashine ya zamani kama ile inaweza kuyala ukiyachanganya nusu kwa nusu na dizeli. Akaeleza kwa nini, vizuri kabisa. Tukanywa chai. Kisha akaanza tena, kana kwamba ndiyo kwanza nimeuliza, akasema mafuta ya mbono hata tone moja lisiingie kwenye mashine ile. Akaeleza kwa nini, vizuri vile vile.

Nilitazama kikombe changu. Yeye akanitazama mimi.

"Nimekwisha kukuambia haya?"

"Ndiyo, Maalim."

"Na yalifanana?"

Nikamwongezea chai. Akalainisha kitambaa cha meza kwa kiganja.

"Basi sikiliza," alisema. "Dua nitawaombea, wewe na mdogo wako, hilo bado naliweza. Lakini habari za mafuta, kuanzia leo, usipokee kwangu. Na uwaambie wengine. Mimi naweza kusahau kwamba nimeacha."

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Nilimwambia asiseme upuuzi, kila mtu huchanganya, na nani tuliye naye zaidi yake? Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaniuliza kama inginia bado yuko kwenye lile ghala. Nikasema yupo. Akasema basi nenda kwa aliye mzima. Nilimbusu mkono, kitu ambacho hakukipenda, nikatoka.

Nilikuwa kituoni nasubiri tramu simu ilipolia. Mdogo wangu alikuwa na haraka, yule muuzaji alikuwa amesimama pale pale na madumu. Maalim amesemaje? Nilikuwa na majibu mawili mdomoni, yote kwa sauti ya mtu tunayemwamini kuliko wote, na moja lingewalisha watoto jioni ile.

"Maalim amesema hajui," nilimwambia.

Nilisubiri anifokee kama mwaka ule.

"Haya, dada," alisema. "Kama Maalim mwenyewe hajui, mimi nani? Nangoja."